Miaka 37, mimba ya wiki 11, kovu la operesheni: nipime nini, niache nini?

Msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Jambo, Docta. Nina miaka 37 na mimba ya wiki 11. Ni ya tatu: wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, wa pili kwa operesheni, miaka minne iliyopita, kwa sababu alitanguliza matako. Mume wangu anachimba madini. Mwaka jana dada yake alizaa mtoto mwenye uvimbe mgongoni, na tangu siku hiyo mama mkwe hana amani. Kliniki moja inaniambia nifanye ekografia kila mwezi, tena nitoe damu itumwe Ulaya kutafuta ugonjwa wa Down. Pesa wanazotaka ni mshahara wa miezi. Wengine wananiambia kupima ni kumjaribu Mungu. Nipime nini, niache nini, na je, nitapasuliwa tena?»

Mama, nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo isiyokusubiri. Ekografia (ultrasound) ya kwanza hufanywa kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku 6, kwa hiyo umebakiwa na muda usiofika wiki tatu. Siku hizo mtoto hupimwa urefu wake tangu utosi hadi matako, na kwa sababu katika umri huo watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, kipimo hicho hutaja umri wa mimba kwa kosa la siku chache tu. Ukingoja hadi mwezi wa saba, mashine ileile mikononi mwa mtaalamu yuleyule inaweza kukosea kwa wiki tatu hivi, maana wakati huo wanene na wembamba wamekwisha kuachana. Kwako wewe mwenye kovu, tarehe hiyo ina uzito wa pekee: siku tutakapoamua kama tungoje uchungu au tupange operesheni, wiki tatu zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtoto anayelia vizuri na mtoto anayehangaika kutafuta pumzi. Katika ekografia hiyo hiyo huonekana pia kama ni mmoja au mapacha, kama fuvu la kichwa limejengeka, na maji yaliyo nyuma ya shingo yana unene gani. Maji yakizidi, tunaanza kufikiria kasoro za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) au za moyo.

Ekografia ya pili ya maana ni ile ya kati ya wiki ya 18 na ya 22, inapowezekana kuuangalia uti wa mgongo pingili kwa pingili, vyumba vinne vya moyo, tumbo, figo na viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau ekografia moja kabla ya wiki ya 24. Kwako ninaongeza ya tatu, karibu na wiki ya 32, ili tujue kondo la nyuma limekaa wapi, kwa maana kondo likikaa chini, juu ya kovu la zamani, linaweza kuingiza mizizi ndani ya kovu hilo na kuleta damu nyingi wakati wa kuzaa. Hizo ni tatu. Ya kila mwezi haimdhuru mtoto, lakini sioni itakachokuambia ambacho hizo tatu hazikukisema, isipokuwa kama mojawapo imeonyesha jambo la kufuatilia.

Niliwahi kumpokea mama mmoja wa miezi minane aliyekuja na bahasha iliyotuna picha za ekografia, tisa nilipozihesabu, moja yenye sura ya mtoto ikiwa imefunikwa kwa plastiki kama picha ya harusi. Nilipofungua fishi yake ya CPN (kliniki ya wajawazito), safu ya presha ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini. Tulimfunga mkanda wa presha mkononi, tukasoma 170 kwa 110. Mkojo wake ulipochemshwa kwenye kichupa uliganda mweupe kama ute wa yai, ishara kwamba protini ilikuwa inamwagika kupitia figo. Alikuwa na maumivu ya kichwa tangu wiki moja, na pete ilikuwa imekatwa kidoleni kwa sababu ya uvimbe, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni dalili. Tulimpa sulfati ya magnesia kuzuia kifafa cha mimba, tukamzalisha usiku uleule, na Mungu akasaidia, wote wawili walirudi nyumbani. Sijasahau bahasha ile.

Ndiyo sababu, kabla ya kipimo chochote, ninaomba mama ajiulize swali moja: jibu likija, litabadilisha nini katika yale nitakayofanya? Ukipima kwa swali hilo, utaona kwamba vipimo vya bei ndogo vya CPN vinashinda vingi vya bei kubwa. Presha ikifika 140 kwa 90, matibabu yanabadilika siku hiyohiyo. Kaswende ikionekana, sindano za penisilini zinamlinda mtoto asife tumboni au asizaliwe mgonjwa. Virusi vya UKIMWI vikionekana, dawa anazokunywa mama zinaweza kushusha hatari ya kumwambukiza mtoto hadi chini sana. Homa ya ini aina ya B ikionekana, mtoto hupewa chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kundi la damu na Rhesus vikijulikana mapema, hatutahangaika usiku wa kutokwa damu. Damu ikiwa pungufu, bado kuna miezi ya kuijenga. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza mikutano minane na mhudumu wakati wa mimba, wa kwanza ukiwa kabla ya kumaliza wiki 12; wewe hujachelewa, lakini usiipitishe wiki hii.

Sasa damu ya kutumwa Ulaya. Kipimo hicho husoma vipande vya DNA vilivyotoka kwenye kondo na kuelea katika damu ya mama, na kinaweza kufanywa kuanzia wiki ya 10. Ni kipimo kizuri: kati ya mimba 100 zenye ugonjwa wa Down, yaani mtoto mwenye kromosomu moja ya ziada, hutambua karibu 99. Watu wanaokiuza husema nambari hiyo kwa sauti kubwa. Wasilosema kwa sauti hiyohiyo ni kwamba jibu la «hatari kubwa» bado si uthibitisho. Wapo akina mama wanaopata jibu hilo na mtoto hana Down. Uthibitisho hutoka kwenye maji ya mfuko wa mimba, yanayochotwa kwa sindano nyembamba huku ekografia ikiongoza, kuanzia wiki ya 15, na kuna hatari ya mimba kutoka, ingawa ni chini ya mmoja kati ya 100. Kwa hiyo waulize kliniki yako maneno haya kabla ya kunyoosha mkono: «Jibu likiwa baya, ni nani atakayechota maji, wapi, na kwa pesa gani?» Kama hawana jibu, watakuuzia hofu ya miezi sita na kukuacha nayo.

Kuhusu umri wako, hatari hupanda kweli, lakini tuiangalie kwa macho yote mawili. Kwa mama anayezaa akiwa na miaka 35, ni karibu mtoto mmoja kati ya 350. Akiwa na 40, karibu mmoja kati ya 100. Wewe uko katikati. Maana yake ni kwamba wanawake wengi mno wa umri wako huzaa watoto wasio na Down. Tena Down haina dawa ya kutumia mtoto akiwa tumboni. Faida ya kujua mapema ni kujiandaa moyoni, na pia kuuangalia moyo wa mtoto, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Lakini moyo huo tutautazama vyovyote vile katika ekografia ya wiki ya 20. Kwa maoni yangu, pesa hizo ningeziweka kando kwa ajili ya siku ya kuzaa. Mama mwingine, mwenye umri na kipato kama chako, ambaye hawezi kulala bila kujua, akiamua kupima hatakuwa amekosea, mradi amejua anachonunua.

Kuna kipimo ambacho hukukitaja, na ndicho ningekianza: cha SS, yaani ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu. Unahangaikia ugonjwa ulio karibu na mtoto mmoja kati ya mamia, huku nchini mwetu ikikadiriwa kwamba karibu watoto 2 kati ya 100 huzaliwa na SS. Kipimo chake, elektroforesi ya hemoglobini, hufanywa mara moja tu maishani, kwa sababu jibu lake halibadiliki. Anza wewe peke yako. Ikisoma AA, yaani huna urithi wa SS, habari imekwisha, hutakuwa na mtoto wa SS wala haitahitajika kumsumbua baba. Ikisoma AS, yaani umebeba nusu ya urithi huo bila kuugua, ndipo mume wako apime naye. Naye akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuwa SS, na kuwa na watoto wawili wazima hakupunguzi kitu, maana kila mimba huanza hesabu yake upya. Jibu hilo hubadilisha mengi: mtoto hupimwa mara tu anapozaliwa, huanzishiwa penisilini kuanzia mwezi wa pili, hupewa chanjo za kuzuia nimonia, hulindwa na malaria kwa bidii zaidi, na mama hufundishwa kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, ili siku ikivimba ghafla akimbie hospitali badala ya kungoja kupambazuke. Watoto wengi wa SS wanaokufa wachanga hufa kabla mtu yeyote hajajua kwamba ni SS.

Tuje kwenye lile linalomkosesha mama mkwe usingizi. Uvimbe mgongoni ni mgongo wazi: mrija unaozaa ubongo na uti wa mgongo haukufunga vizuri, na mrija huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Mama aliyemzaa mwenyewe mtoto wa namna hiyo ana hatari ya watoto 2 hadi 5 kati ya 100 katika mimba inayofuata, naye anahitaji asidi ya foliki ya kiwango kikubwa kabla ya kushika mimba. Mwambie dada wa mume wako jambo hilo, tafadhali, kwa sababu inaelekea hakuna aliyemwambia. Wewe uko mbali zaidi katika ukoo, na hatari yako haikupanda sana kwa ajili yake.

Lakini kazi ya mume wako siwezi kuipita kimya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa mjini humu na kasoro zinazoonekana kwa macho, pamoja na watoto 108 wasio nazo. Jambo lililojitokeza zaidi lilikuwa kazi ya baba: uwezekano wa baba kuwa mfanyakazi wa shughuli za uchimbaji ulikuwa mkubwa mara tano na nusu hivi kwa upande wa watoto wenye kasoro. Ninakuomba usome nambari hiyo polepole. Makadirio yenyewe yana upana mkubwa, kwa kuwa watoto waliochunguzwa ni wachache, na utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano bila kuthibitisha sababu. Tena watoto hao 138 ni wa mji mzima uliozaa watoto zaidi ya 133,000 katika kipindi hicho, yaani karibu mmoja kati ya elfu. Hata hatari hiyo ndogo ikizidishwa mara tano, inabaki ndogo.

Kwa mimba hii, basi, cha kufanya ni ekografia ya wiki ya 20 iliyofanywa na mtu anayejua kuutazama mgongo. Ikionyesha mgongo wazi, utajua mahali pa kuzalia: palipo na daktari wa upasuaji wa kuufunga mgongo ndani ya siku mbili au tatu za kwanza na wa kufuatilia kichwa maji. Na nyumbani, vumbi la mgodi lisiingie. Mume abadilishe nguo na viatu kabla ya kuvuka mlango, nguo za kazi zisiloweshwe katika beseni moja na za watoto, wala zisikung'utwe na wewe uani. Akiweza kuoga kazini, ni bora zaidi. Na ule udongo mweupe wa kula unaouzwa sokoni, ambao wajawazito wengi huutamani, uache: unazuia madini ya chuma ya vidonge kuingia mwilini, na unaweza kubeba risasi.

Asidi ya foliki endelea nayo, si kwa ajili ya mrija ambao umekwisha kufunga, bali kwa ajili ya damu yako, pamoja na chuma. Angalia tu kiwango. Kinachokufaa ni miligramu 0.4, kile kilichochanganywa na chuma kwenye vidonge vya CPN. Vile vya miligramu 5 vinavyojaa katika maduka ya dawa hudhoofisha SP, ile ambayo wengi huiita Fansidar, utakayoanza kumezeshwa tangu mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila mara kukiwa na mwezi mmoja katikati, ili malaria isijifiche kwenye kondo. Wanaokunywa kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hawapewi SP.

Juu ya kumjaribu Mungu, mimi si mchungaji. Ninaona tu kwamba aliyejua mapema kuwa mtoto ana mgongo wazi, akazaa mahali panapofaa, hajamkana Mungu. Wengine huogopa kwamba nyuma ya kipimo kuna daktari atakayewashurutisha kutoa mimba. Sheria ya jinai ya nchi yetu inaadhibu utoaji mimba. Mkataba wa Maputo, ule wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, uliotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, unaruhusu pale penye ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, au mimba inapohatarisha afya ya mama, uhai wake au uhai wa kijusi. Kasoro ya mtoto peke yake haikutajwa humo. Hakuna mtu mwenye haki ya kukulazimisha, si upande huu wala upande ule. Mama mkwe naye, mpeleke pamoja nawe kwenye ekografia ya wiki ya 20, mkunga akikubali, akauone mgongo kwa macho yake.

Sasa kupasuliwa tena. Hulazimiki, na kwa uliyoniandikia una bahati tatu: ulikwisha kuzaa mmoja kwa njia ya kawaida, sababu ya operesheni ilikuwa mkao wa mtoto yule, ambao huyu huenda asiurudie, wala si nyonga nyembamba, na imepita miaka minne, ilhali hatari hupanda hasa kwa anayezaa kabla kovu halijatimiza miezi 18. Kati ya wanawake wenye kovu moja wanaojaribu kuzaa kwa kawaida, karibu watatu kati ya wanne hufaulu, na waliowahi kuzaa hivyo hufaulu zaidi. Hofu ni kupasuka kwa mfuko wa uzazi, kunakotokea kwa karibu wanawake 5 kati ya 1,000, kama mkato ndani ulikuwa wa kulala na wa chini. Kama mkato ulikuwa wa kusimama na wa juu, hatari hufika 4 hadi 9 kati ya 100, na hapo simruhusu mtu ajaribu.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kuamini kovu la ngozi. Mama hushusha kitenge, ananionyesha mstari mzuri wa kulala juu ya kinena, na wote tunatabasamu. Lakini chini ya mstari huo wa kulala mfuko wa uzazi unaweza kuwa ulikatwa kwa kusimama, hasa mtoto akiwa amekaa vibaya, kama huyo wako wa pili. Kinachosema kweli ni karatasi inayoitwa protokoli ya operesheni. Ni haki yako kuomba nakala yake pale ulipopasuliwa, na miaka minne si mingi kwa kabati la hospitali.

Karatasi ikiwa njema, bado kuna masharti ya mahali. Jaribio hili halifanywi kwenye kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji, hata kama mkunga wake ni hodari na yupo mtaa wa pili. Nenda mchana, mimba ikiwa na miezi saba, uulize: saa nane za usiku daktari wa kupasua huwa ndani au anapigiwa simu nyumbani? Umeme ukikatika, jenereta inawaka, na mafuta yamo? Damu ya kundi langu ipo, au nilete ndugu wawili watoe kabla? Uliza pia kama wamo katika mpango wa serikali wa kuzaa bure, ulioanzia Kinshasa mwaka 2023, na nini hasa hakilipiwi na mpango huo. Uchungu ukianza, nenda mapema, usingoje kama ulivyongoja kwa wa kwanza. Mtu yeyote akitaka kukupa vidonge vya misoprostoli kuharakisha uchungu, au kukukandamiza tumbo mtoto ashuke, sema una kovu, na aliyekusindikiza aseme pia.

Ukichagua operesheni ya kupangwa, nayo si aibu. Hufanywa wiki ya 39, na hapo ndipo ile tarehe ya ekografia ya kwanza italipa. Ina gharama yake ya kidonda, maambukizi na siku za kulala, na kila kovu linaloongezeka huongeza hatari ya kondo kung'ang'ania katika mimba zinazofuata. Kwa hiyo kuna jambo ambalo hukuniambia na ambalo linaweza kupindua mizani: je, huyu ndiye wa mwisho, au mnataka wa nne? Mzungumze wewe na baba wa watoto. Ukiipata protokoli, niandikie jibu hilo pamoja na mstari unaoeleza jinsi mfuko wa uzazi ulivyokatwa, neno kwa neno kama lilivyoandikwa.